Mzee wa Yanga na Simba wa Mashindano

Tangu Mzee Kondo aanguke, baba yangu hakuweza kukaa kwenye kiti kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Anainuka, anakwenda mpaka getini, anachungulia nyumba ya pili, anarudi, anakaa, anainuka tena. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwendo ule ulinichosha kuliko kazi. Nikimwambia, "Baba, tulia basi," ananijibu, "Nimetulia," huku kandambili zake zimeshafika uani.

Mzee Kondo alikuwa jirani yetu hapa Kimara. Yeye Mzaramo, baba Mngoni wa Songea. Yeye msikitini, baba kanisani. Yeye shabiki wa Simba, baba wa Yanga. Tofauti mbili za mwanzo sikuwahi kuwasikia wakizigusa. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa inawaamsha asubuhi. Simba ikishinda, baba akifungua geti anakuta beseni la maji katikati ya njia, ili chura, yaani Yanga, aoge. Yanga ikishinda, Mzee Kondo anakuta mfupa wa ng'ombe mlangoni kwake, maana mnyama amelala njaa. Waliendelea hivyo tangu sijaota meno mpaka nimefika umri wa kuulizwa na mashangazi nitaolewa lini.

Ndani kwetu rangi nyekundu, rangi ya Simba, ilikuwa marufuku. Marehemu mama aliwahi kununua pazia jekundu, likarudi sokoni siku hiyohiyo. Ndoo nyekundu, shuka nyekundu, hata soksi, hapana. Nyanya peke yake zilisamehewa, kwa sababu baba alisema kuzitafuna ndiyo adhabu yake.

Halafu kiharusi kikampiga Mzee Kondo upande wote wa kulia. Hospitali walifanya walichoweza, wakamrudisha nyumbani, na mkewe Mama Suhaib akawa anamlisha uji kwa kijiko kama mtoto. Ulimi ulikufa. Baba alikwenda kila asubuhi, akavuta kigoda kando ya kitanda, akaanza uchokozi wake. "Kolo wewe wa Simba, amka, kipa wenu kakimbia kambi." Mzee Kondo akamtazama tu. Baba akaongeza chumvi, akamtukania klabu, mwenyekiti, hata basi la timu.

"Hacheki, Veva," aliniambia siku moja, amesimama katikati ya sebule kama mtu aliyesahau alichofuata. Mimi ni Genoveva, ila yeye huniita Veva. "Mie nimeishiwa. Akifa bila kucheka, mie nitaamka asubuhi kufanya nini?"

Baba alimpenda yule mzee, na sikuwahi kulisema hata moyoni kwangu mpaka siku ile, kwa sababu wenyewe wangeshikana mashati wakilisikia.

Jioni moja alirudi kutoka kwa Mzee Kondo akikimbia. Mzee wa umri ule, anakimbia! Nilikuwa jikoni nasonga ugali.

"Veva! Kondo kasema!"

"Kasema nini?"

"Tulikuwa tunaangalia taarifa ya habari. Wameonyesha haya mashindano ya mpira ya mataifa, likatoka lile lidoli la simba linakata mauno. Kondo kainua mkono wa kushoto, kasema, 'Mnyama wetu.' Kasema, Veva! Na mdomo ukapinda hivi, upande mmoja. Kacheka!" Baba alikuwa anahema. "Akiliona kwa macho yake, pale kitandani, atacheka kisawasawa. Mie nakwambia. Wewe si uko mapokezi kule uwanjani? Kamwombe huyo kijana aliye ndani ya lidoli aje Kimara."

Niliendelea kusonga ugali uliokwisha kuiva. Sikuwa mapokezi. Kijana aliye ndani nilikuwa mimi.

*

Sikuitafuta kazi ile. Nilikwenda kuomba kazi ya kukaribisha wageni, wakaniona mrefu, wakauliza kama nacheza muziki, nikawaambia nimecheza netiboli na kwaya. Wakanivalisha. Yule kaka aliyepangiwa alikuwa ameshindwa siku ya kwanza, alipofungiwa kichwa akapiga kelele kama anazikwa. Mimi nikatulia humo ndani. Ajabu kwa mtu kama mimi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nyumbani nikasema niko mapokezi. Ningeanzaje kumwambia baba kwamba mwanawe wa pekee anavaa manyoya ya simba na jezi nyekundu mbele ya mataifa?

Mdoli wenyewe aliitwa Kishindo. Waliomchora walikaa mbali huko, sijui nchi gani, wakaandika maelezo marefu: mtoto wa simba, alama ya ujasiri wa Afrika, jezi nyekundu kwa ajili ya damu changa ya vijana. Maneno mazuri kabisa. Ila hawakumuuliza hata muuza karanga mmoja wa Temeke. Siku ya kumtambulisha, nusu ya jukwaa ilishangilia kama ubingwa umerudi, na nusu nyingine ikanizomea mpaka nikahisi kelele mgongoni. Wakubwa wetu wakashangaa. Hivi watu wa hapa hawapendi simba?

Kikao kikaitwa. Wakaamua abadilishwe jezi, avae kijani, rangi ya mazingira. Nilinyoosha mkono nikasema, jamani, hapo mnamwagia moto petroli. Nani amsikilize mdoli? Simba akatoka amevaa kijani. Safari hii walizomea wote: hawa kwa kuwa mnyama wao kavishwa nguo za adui, wale kwa kuwa nguo zao kavaa mnyama. Ndiyo siku pekee niliyoona pande mbili za uwanja ule zikikubaliana jambo. Wakamrudishia nyekundu, na hakuna aliyezungumzia mazingira tena.

Msimamizi wangu aliitwa Jenipher, dada wa Kihaya mwenye simu mbili na subira ndogo. Sheria zake zilikuwa chache. Kishindo haongei. Kishindo hakohoi. Kishindo havui kichwa mbele ya watu, wala hatoki nje ya eneo la mashindano. "Ndani ya Kishindo hamna mtu," alikuwa anasema. "Mtoto akiona kichwa cha mtu kinatoka humo, umemuulia mnyama wake."

Nilimwomba kuhusu Mzee Kondo. Nilimweleza yote, kiharusi, beseni, mfupa. Alisikiliza huku anajibu ujumbe.

"Pole sana, mdogo wangu. Lakini leo nikimpeleka Kimara, kesho watanipigia wa Mbagala. Kila mtaa una mgonjwa."

Nikarudi nyumbani nikamwambia baba wamekataa. Halafu akaenda getini, akarudi, akaenda tena.

"Umemuuliza mwenyewe? Huyo mwenye kuvaa?"

"Baba, wamekataa."

"Wakubwa ndio wamekataa," alisema. "Mwenyewe hajakataa."

*

Jumamosi kulikuwa na mechi ya alasiri. Kabla ya mechi kazi yangu ilikuwa nje ya mageti, penye mahema ya mashabiki, kucheza na watoto na kupigwa picha. Jua la Temeke lilikuwa linachoma lami. Ndani ya manyoya jasho lilinitiririka mpaka kwenye viatu, na kwa kuwa Kishindo anaonea mdomoni, dunia yangu ilikuwa kipande kidogo kati ya meno mawili ya sponji.

Kwenye kipande hicho nikaiona fulana ya kijani na njano.

Baba alikuwa amepanga foleni nyuma ya watoto. Alivaa ile fulana yake ya zamani ya Yanga, iliyopauka mabegani. Sijui alifikaje huko, yeye ambaye hata Ubungo alikuwa anakwenda kwa kulalamika. Watu walianza kumtania kabla hajafika zamu yake. "Mzee, hapo umepotea njia!" "Babu, huyo anauma!" Yeye akawa anahama mguu huu kwenda mguu ule. Nikawaza kukimbia, lakini Kishindo atakimbia wapi?

Zamu yake ilipofika hakupiga picha. Alinishika mkono, kiganja kile cha manyoya, akasogeza uso mdomoni mwa simba.

"Kijana, habari ya kazi. Mie naitwa Valerian, natoka Kimara. Mie Yanga, unaona mwenyewe, sikufichi. Tangu nizaliwe sijawahi kumwomba Simba kitu, na nilikuwa sina mpango wa kuanza leo." Aliukaza mkono wangu. "Mtani wangu kalala. Ulimi hauna kazi. Kakuona wewe kwenye TV, kasema maneno. Njoo umwone, hata kwa dakika moja. Simama tu mlangoni. Kama usafiri ndio ishu, mie nitakubeba mgongoni."

Na hapo, mbele ya foleni nzima, mbele ya simu zilizoinuliwa, baba yangu akapiga goti. Watu wakapasuka kwa kicheko. "Yanga kamwangukia Mnyama! Rekodi, rekodi!" Hakuwajali. Alikuwa ananitazama mimi, yaani anayatazama yale macho ya plastiki yaliyo juu ya kichwa changu, na mimi nilikuwa namtazama kupitia meno, na machozi yangu yalishuka hata sikuweza kuyafuta kwa kuwa mikono yangu ilikuwa nje na uso wangu ulikuwa ndani.

Nilitaka kumwambia, baba, inuka. Ningetoa neno moja tu angeijua sauti. Badala yake nikatikisa lile kichwa kubwa, chini, juu, chini. Ndiyo.

Aliinuka haraka kama kijana. "Amekubali! Mmeona nyie? Amekubali!" Jenipher alikuwa ameshafika, anatabasamu kwa meno. "Shikamoo mzee wangu. Ratiba yetu haituruhusu..." Baba hakusubiri. "Marahaba, mwanangu, ameshakubali," akajibu, na nikaiona ile fulana ikipotea kati ya watu, inakwenda kwa mwendo wa karibu kukimbia.

"Umefanya nini wewe?" Jenipher aliniuliza kwa sauti ya chini, amenishika bega. "Umemuahidi mzee wa watu. Utakwenda na nini?"

Kishindo haongei.

*

Sikumbuki mechi. Najua nilicheza kandokando ya uwanja, nikapungia jukwaa hili na lile, nikazomewa na kushangiliwa kama kawaida. Kila nilipokaa chini kidogo mguu ulikuwa unagonga sakafu wenyewe. Nilimwelewa baba. Kumbe kutotulia kwake hakukuwa ukaidi. Ni mwili unaojua kuna mahali unatakiwa, na mahali penyewe si hapo ulipo.

Filimbi ya mwisho ilipolia, nilivua kwenye chumba chetu, nikamkunja Kishindo kwenye begi lake, kichwa nikakikumbatia kwenye mfuko wa shuka. Jenipher alikuwa mlangoni.

"Genoveva, sikiliza. Ukitoka na hilo begi, usirudi."

"Sawa, dada."

"Sitanii."

"Najua hutanii," nikamwambia, na nikapita. Nilikuwa na hasira, wala si naye. Yeye alikuwa anafanya kazi yake. Nilikasirika kwa sababu nilipoteza alasiri nzima nikikatia mauno wageni, na kitanda cha mtu kiko Kimara.

Nilipata bajaji. Dereva akachungulia ule mfuko, akaona manyoya. "Sista, umemuua mnyama nini? Mie Simba damu, nisije nikabeba maiti." Nikamwambia aendeshe. Buguruni foleni ilikuwa imekwama kama kawaida yake, magari yamelaliana, wauza maji na miwa wanapenya katikati. Nikamwambia dereva apite pembeni, akaniambia pembeni kumejaa pia. Mabibo tukakutana na malori ya ndizi yanageuza. Jenipher alipiga simu, sikupokea. Akapiga tena. Nikaizima. Nilikuwa nimekikumbatia kile kichwa na moyoni nasema, Mzee Kondo, subiri, nakuja, subiri kidogo tu, usiwe na haraka kama mshambuliaji wenu anayeotea kila mpira. Nilikuwa namtania kwa mara ya kwanza maishani. Nilifikiri labda ndiyo lugha anayoisikia.

Tulipopinda kuingia mtaani kwetu jua lilikuwa bado lipo juu ya mapaa. Nikaona vijana wawili wanavuta kamba ya turubai mbele ya nyumba ya Mzee Kondo, na wengine wanashusha viti vya plastiki kutoka kwenye kigari cha mizigo, kirikuu. Dereva wa bajaji akazima redio bila kuambiwa.

*

Baba alikuwa amesimama nje, kati ya geti letu na geti lao. Hakuingia huku wala kule. Ndani wanawake walikuwa wanalia, na sauti ya Mama Suhaib ilikuwa juu ya zote.

"Kaenda," aliniambia. Macho yalikuwa makavu kabisa, na ukavu huo ndio ulionitisha. "Nimefika, nimekaa, nimemwambia, 'Kondo, Simba anakuja. Nimempigia goti mbele ya watu, kanitikisia kichwa.' Akanibana mkono. Nikasema hapa sasa atacheka. Nikasubiri. Kumbe ndio anaondoka." Alipangusa midomo. "Nilimwambia anakuja, Veva. Hakuja. La mwisho kabisa kulisikia duniani limekuwa uongo, na limetoka kwangu."

"Si uongo, baba."

"Yuko wapi basi?"

Nilifungua mfuko. Kichwa cha Kishindo kikatokeza, masikio, manyoya, macho yake makubwa ya furaha isiyo na sababu. Baba alikitazama. Akanitazama mimi, nywele zimelowa, fulana imenigandia mgongoni.

"Umekitoa wapi?"

"Sijakitoa popote. Ni changu. Ndiyo kazi yangu, tangu mwanzo. Mapokezi hakuna."

Aligusa jino moja la sponji.

"Wewe ndiye uliyenitikisia kichwa."

"Ndiyo."

"Nilipopiga goti."

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Kwa hiyo wiki zote hizi," alisema taratibu, "nimelala nyumba moja na Simba, nampikia chai." Kona ya mdomo wake ilicheza. Kidogo tu, kisha ikazima.

Hapo ndipo kaka wa marehemu, Mzee Mbwana, alipotoka nje na bakora yake. Alikuwa ametoka Mbezi, na alionekana mtu aliyezika wengi. Akaangaza macho kwenye viti, kwa wanaume walioinamisha vichwa. "Nyumba imekuwa nzito," akasema. "Mtani wake yuko wapi? Watani wa ukoo hawajafika. Hana mtani hapa mtaani?"

Watu wote wakageuka kumtazama baba.

Mtani msibani si mgeni. Yeye ndiye mwenye ruhusa ya kufanya ambacho mwingine akikifanya atatolewa nje: kuvaa nguo za marehemu, kutembea kama marehemu, kumsema marehemu, mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio na kifua kipate njia. Mama alipofariki, Mzee Kondo ndiye aliyeingia kwetu amejifunga kanga ya mama, kashika upawa, anamfokea baba kwa sauti ya mama kwamba kaingia na viatu kwenye sebule iliyodekiwa. Nilimchukia kwa muda mfupi sana. Kisha baba akacheka, na baada ya kucheka akalia, na usiku ule alikula.

"Siwezi," baba alisema sasa. "Mie utani wangu ni wa mpira tu. Na maneno yameniishia."

"Mpira ndio nini?" Mzee Mbwana akajibu. "Miaka yote mlikuwa mnapelekeana mabeseni, leo ndio unajua ni wa mpira tu?"

Nikamshika baba mkono. "Nivae mimi? Nitaingia, nitacheza kidogo, nitatoka. Nimeshazoea."

Alitikisa kichwa. "Wewe si mtani wake. Kwake wewe ni mtoto." Akanyoosha mikono yote miwili. "Lete hapa."

Nilimvalisha nyuma ya geti letu. Aliingiza miguu yake ya kizee kwenye ile miguu minene, nikavuta zipu mgongoni juu ya fulana ya Yanga, nikamshushia jezi nyekundu mwilini. Mzee aliyerudisha pazia sokoni alisimama ananyoosha shingo ili nimfungie kola. Mwisho nikamwekea kichwa.

Aliingia chini ya turubai, na sikumwona baba. Nilimwona Mzee Kondo. Mkono mmoja nyuma ya kiuno, tumbo mbele, kile kikohozi chake cha kujitangaza, mwendo wake wa kuburuza kisigino cha kushoto. Simba mwenye meno ya sponji anatembea kama Mzaramo mwenye nyumba yake. Watu waliinua vichwa.

"Chura yuko wapi?" Simba akaunguruma, na sauti ilikuwa ya Mzee Kondo kabisa. "Nimeamka mapema, nimemwekea maji ya kuoga, hajatoka! Yanga gani huyu anaogopa beseni? Na nyie mmekaa hapa mnalia nini, kwani tumefungwa ngapi?"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba. Mzee Mbwana akacheka bila kujiziba. Simba akaendelea, akamsema Valerian wa jirani, kwamba ni bahili wa nyama, mifupa anayoileta mlangoni ameshaiguguna yote, hajaacha hata uboho. Mama Suhaib alitoka mlangoni ameshikwa na wanawake wawili, uso umevimba. Akamtazama yule mnyama anayetembea kama mumewe. Akaweka mikono kichwani.

"Kondo!" akapaza sauti, analia na kucheka kwa pamoja. "Hata leo, Kondo? Hata leo huna haya?" Akaketi chini akalia kilio kizuri, kile kinachotoka chote, na wanawake wakalia naye na kucheka naye, na nyumba ikapumua.

Simba alipiga hatua mbili zaidi, akafika kwenye nguzo ya turubai, akasimama hapo amewapa watu mgongo. Wengi walidhani bado anaigiza. Wakasubiri neno jingine. Mimi niliona mabega.

Nilimwendea, nikasimama mbele yake ili nimkinge, nikasogeza sikio mdomoni pale anapopumulia mtu. Ndani ya kile kichwa baba yangu alikuwa analia. Hakuwa amelia hivyo hata kwa mama. Alikuwa analia kwa kukwama na kwikwi, kama anavyolia mtoto aliyetoka kupigwa, na hakuna hata mmoja kati ya watu wote wale aliyekuwa anamwona.

"Baba," nikanong'ona, mkono wangu kwenye zipu. "Nikuvue? Kuna joto humo."

Kile kiganja cha manyoya kikanishika mkono, kikaushusha.

"Bado," alisema. "Niache humu kidogo, mwanangu. Usinivue bado."